Midomo ya maji kwenye boti kuukuu: plastiki nyeupe, nailoni nyeusi au bronzi?

Ukiikwaruza plastiki ya ubavuni kwa ukucha ikaacha unga mweupe kidoleni, hiyo imeshakufa, inasubiri kuzikwa tu. Ya kwangu ilijizika yenyewe. Tulikuwa tunarudi Kigoma kutoka Gombe mwezi wa saba, upepo wa kusini-mashariki umekaza, boti imelalia ubavu wa kulia, na mimi usukanini najisifu moyoni kwa mwendo. Mpwa wangu akachungulia ndani, akasema, "Mjomba, mbona godoro linaelea?"

Kofia ya plastiki ya mdomo wa pampu ya ngama, ile inayotoa maji yanayojikusanya chini ndani ya boti, ilikuwa imekatika pande zote kama kifuniko cha chupa. Shina likarudi ndani pamoja na mpira wake, na ubavuni pakabaki tundu. Tundu lile liko juu ya mstari wa maji boti ikiwa imetulia bandarini. Ikilala kwa tanga, liko chini.

Nikisema mdomo nina maana ya kile kipande kinachopita kwenye bodi ya boti: nje kina kofia, ndani kina shina lenye thredi, na nati kubwa inayokibana. Mwisho wa shina huvishwa mpira moja kwa moja, au hufungwa valvu kwanza. Boti yangu ni ya faiba, futi 26, imetengenezwa miaka ya 1970, na ilikuja na midomo minane ya plastiki nyeupe. Yote nimeing'oa. Kabla ya kununua nililinganisha kwa muda mrefu kuliko mke wangu alivyoona inafaa, na haya ndiyo niliyoyapata, kwa mwenye chombo cha namna hii kwenye Ziwa Tanganyika.

Kwanza punguza matundu

Kati ya minane, miwili ilikuwa ya choo: mmoja wa kuvutia maji, mmoja wa kutolea. Hiyo sikuibadilisha, niliiziba. Nilisaga faiba kuzunguka kila tundu, ndani na nje, kwa mteremko mpana kama sahani bapa, nikapanga matabaka ya kitambaa cha faiba na rezini ya epoksi, dogo kwanza kisha kubwa zaidi, mpaka unene ukarudi. Ziwa hili watu wanachota maji ya kunywa ufukweni, sioni sababu ya mimi kulitilia choo. Zaidi ya hayo, tundu lililozibwa kwa faiba halihitaji nati wala valvu, wala mtu wa kulikumbuka. Kwa hiyo kabla hujauliza plastiki au bronzi, uliza kama mdomo wenyewe unahitajika. Boti za zamani zina midomo ya vifaa vilivyokwisha kung'olewa kitambo.

Ikabaki sita: mitatu juu ya mstari wa maji (pampu ya ngama, sinki, na mfereji wa sitaha) na mitatu chini (maji ya kupozea injini, na mifereji miwili ya pale tunapokaa nyuma). Makundi haya mawili hayana adui mmoja, kwa hiyo usinunue kwa jumla.

Juu ya mstari wa maji, adui ni jua

Nailoni nyeupe ya kawaida ndiyo watengenezaji wengi waliyoweka kiwandani, kwa sababu ni rahisi na inapendeza kwenye bodi nyeupe. Shida yake ni kwamba miale ya jua hukata minyororo ya molekuli zake kidogo kidogo. Juu inakuwa unga, chini yake inakuwa kavu kama ganda la yai, kisha nyufa hutokea pale kofia inapokutana na shina, mahali penye mvuto wote wa nati. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na ziwa liko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari. Mdomo ulio shubiri moja juu ya maji hupigwa mara mbili, na jua lenyewe na mng'ao wake kutoka ziwani, hasa jioni linapoteremkia milima ya Kongo. Plastiki iliyodumu miaka mingi kwenye bandari ya Uingereza usiihesabie umri uleule hapa.

Nailoni nyeusi iliyochanganywa na nyuzi za kioo ni kitu kingine kabisa, ingawa dukani zinakaa boksi moja. Ule weusi si urembo: ni masizi laini ya kaboni, ambayo hunyonya miale kabla haijafika ndani. Nyuzi za kioo ndizo zinazobeba mzigo. Aina zinazojulikana ni Marelon ya kampuni ya Forespar ya Marekani, na TruDesign ya New Zealand. Nyeusi kwenye bodi nyeupe haipendezi sana, nakubali. Majirani watasema boti ina matundu ya pua.

Chuma cha stenlesi daraja la 316 kinapendeza kuliko vyote na jua halikifanyi kitu. Kwa juu ya maji sina neno baya juu yake isipokuwa bei, na tabia yake ya kung'ang'ania: ukikaza nati ya stenlesi kwenye thredi ya stenlesi kavu, zinaweza kushikana katikati ya safari zisitoke wala zisiingie mpaka msumeno. Paka grisi maalumu ya kuzuia kung'ang'ania, kaza polepole.

Nimechagua nyeusi kwa yote mitatu. Kama boti yako inatoa moshi wa injini ubavuni, mdomo huo peke yake weka wa stenlesi au bronzi. Pampu ya maji ya kupozea ikigoma, moshi unaofika pale ni wa moto kweli, na nailoni hailipendi joto hilo. Nyeupe ya kawaida ningeiweka tu kama mdomo upo chini ya kivuli cha tezi, yaani nyuma ya boti, usipofikiwa na jua, au kama boti yako inauzwa wiki ijayo, na hilo la pili nasema kwa utani.

Jambo moja lisilohusu umenunua kitu gani: mpira wa pampu ya ngama upandishe kwanza mpaka chini ya sitaha, ufanye shingo, ndipo ushuke kwenye mdomo. Kama ningekuwa na shingo hiyo, mdomo wangu ulipozama boti ilipolala, maji yasingerudi kupitia pampu. Kofia kukatika ni kesi nyingine, lakini yale maji kidogo kidogo ya kila safari niliyodhani ni ya mvua, sasa najua yalitoka wapi.

Chini ya mstari wa maji

Hapa ndipo fedha inapofaa kuliwa. Mfereji wangu wa nyuma una kipenyo cha inchi moja na nusu na uko kama sentimita 30 chini ya maji. Piga hesabu ya mgandamizo wa kina hicho: tundu likibaki wazi linaingiza takribani lita 100 kwa dakika. Ni ndoo tano za lita ishirini kila dakika, na hakuna mtu anayechota kwa kasi hiyo, hata akiwa na hofu.

Tuanze na kile utakachokikuta dukani, maana mtihani uko hapo. Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi mjini utauziwa valvu ya gololi ya rangi ya dhahabu, imekoza kung'aa, na muuzaji atakwambia kama nilivyoambiwa, "Kaka, hii shaba tupu, inakaa miaka." Ni brasi, na mara nyingi karibu asilimia 40 yake ni zinki. Ikikaa kwenye maji, zinki hutoka taratibu na kuacha sponji ya kopa yenye umbo lilelile. Kwa macho valvu ni nzima, ukiigonga kwa nyundo inamomonyoka. Ikwaruze kwa kisu: ukiona wekundu wa waridi badala ya manjano, itoe. Niliinunua moja kwa ajili ya kujaribu, na leo inafungia tenki la maji nyumbani. Huko ndiko kwao.

Ipo brasi iliyotiwa aseniki kidogo ili zinki isitoke, huandikwa DZR au CR kwenye mwili wake. Hiyo inavumilia, na Ulaya boti nyingi zimefungwa hiyo. Lakini kama haikuandikwa, usiamini mdomo wa mtu.

Bronzi halisi ya boti, ile ya mchanganyiko wa 85-5-5-5, ni kopa 85 kwa mia, halafu bati, risasi na zinki tano tano. Zinki ni chache mno kuweza kuacha sponji. Ni nzito, haijali jua, haijali kukanyagwa na fundi, na ile yenye koni ndani badala ya gololi unaweza kuifungua, kuisaga kwa unga wa kusagia valvu za injini, na kuirudisha kazini. Kwa mji usio na duka la vifaa vya yoti, hilo la mwisho lina uzito. Bei ndiyo inayoumiza: kwa fedha ya mdomo mmoja wa bronzi na valvu yake ningenunua nyeupe za plastiki zaidi ya kumi.

Sasa, wazee wa baharini watakwambia chini ya maji ni bronzi tu, basi. Kwao ni sawa. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri na metali mbili zikikutana humo hulana. Ziwa letu ni maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, yenye madini machache kuliko bahari, na metali hukaa kwa amani zaidi. Meli ya Liemba yenyewe ni ushahidi: Wajerumani waliizamisha mwaka 1916 ikiwa bado ni Graf von Götzen, ikaopolewa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kubeba abiria. Kweli mitambo ilikuwa imepakwa grisi nene kabla ya kuzamishwa, lakini miaka minane chini ya bahari ya chumvi ingekuwa hadithi nyingine. Kwa hiyo kwenye ziwa, bronzi inapoteza sehemu ya faida yake juu ya wengine, na hata stenlesi 316, ambayo baharini huoza kwa siri ndani ya thredi pasipo na hewa, huku ina hatari ndogo zaidi.

Hata hivyo maji baridi hayakuokoi na waya uliochunika. Nyaya za pampu ya ngama zikilala majini na kuvujisha umeme wa betri, metali iliyo karibu italiwa, ziwa au bahari. Na wale walioagiza vipande vya zinki kutoka Dar es Salaam ili vilinde bronzi zao, pole: kwenye maji baridi zinki hujifunika utando na kulala usingizi. Kwenye ziwa hutumika magnesiamu.

Nailoni nyeusi yenye kioo haina kesi hizi. Haiozi, haipitishi umeme, haina cha kuliwa. Ni nyepesi, na mizigo inayotoka Dar hulipiwa kwa kilo, iwe kwa treni ya Reli ya Kati au kwa basi. Udhaifu wake uko kwenye mambo matatu, na yote yanatoka kwa mwenye boti.

La kwanza ni kuchanganya ukoo. Mdomo wa nailoni ukiufunga valvu nzito ya metali juu yake, umemvisha mtoto kofia ya chuma. Siku mtu akiikanyaga valvu ile, au sanduku la vifaa likiiangukia mawimbini, shina ndilo linalovunjika, chini kabisa, kwenye usawa wa bodi. Kipimo cha Marekani kiitwacho ABYC H-27 kinataka mdomo na valvu yake vistahimili mzigo wa ratili 500, yaani kilo 227 hivi, ukisukuma upande wa ndani kwa sekunde 30. Nailoni nyeusi hufaulu ikiwa ni seti moja ya mtengenezaji mmoja, ikikalishwa inavyotakiwa. TruDesign wana kola ya kubeba mzigo inayovaliwa kuzunguka valvu kwa kazi hiyohiyo. Kola ikipungua kwenye boksi, rudisha boksi.

La pili ni uvivu. Valvu ya nailoni isipogeuzwa miezi mitano hukaza, kisha mtu huja na spana kurefusha mkono wake, na mkono hukatika. Igeuze kila mwezi, ipake mafuta yake ya silikoni boti ikiwa nje. Bronzi nayo hukaza, lakini yenyewe unaweza kuibembeleza kwa nyundo, nailoni huwezi.

La tatu ni misuli, na nitalirudia kwenye kukaza.

Thredi, mahali pesa inapopotea

Boti yangu ni ya Marekani, ambako thredi za mabomba ni za kipimo cha NPT; mabomba ya Tanzania yote ni ya kipimo cha Kiingereza, BSP. Kwa nusu inchi na robo tatu, BSP na NPT zote zina meno 14 kwa inchi, tofauti ni pembe ya jino, nyuzi 55 na 60. Ndiyo maana fundi hudanganyika: nati inaingia mizunguko miwili mitatu kwa raha, kisha inagoma, naye anadhani imebanwa vizuri. Kuanzia inchi moja hadi mbili, BSP ina meno 11 na NPT 11 na nusu, hapo inagoma mapema zaidi. Tena shina la mdomo ni nene sawasawa mwanzo hadi mwisho, wakati valvu nyingi za NPT zimechongwa kwa mteremko ndani. Zikikutana hushikana kwa meno machache ya mwanzo tu, na meno hayo machache ndiyo yaliyobeba uhai wa boti.

Kwangu hili lilikata shauri kuliko jua na kutu pamoja. Niliagiza kila kitu cha BSP, hata kama boti ni ya NPT, kwa kuwa natoa vya zamani vyote na bodi haina thredi. Siku nipeli, kile kipande kinachovishwa mpira, ikipasuka, nitapata ya muda Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, kabla ya saa sita mchana. Mwenye bronzi ya NPT atasubiri mzigo kutoka ng'ambo.

Kutoa, kukalisha, kukaza

Usipambane na nati ya zamani. Saga kofia kwa nje kwa grainda ya diski, kisha sukuma shina ndani; dakika kumi kila mdomo. Kisha pima tundu kabla ya kuagiza, si baada. Kofia mpya nyingi zina shina nene kidogo kuliko plastiki za miaka ya sabini. Kama ni lazima kupanua, zibia kwanza tundu kwa kipande cha ubao ili msumeno wa duara upate katikati ya kushika.

Ndani chini ya nati weka bamba la kutandaza mzigo. Bora ni la faiba ngumu, milimita 10 au zaidi. Nilitumia mninga, kwa sababu uko na hauvimbi sana, lakini niliuvisha rezini pande zote pamoja na ukingo wa tundu. Ubao mtupu usiuweke.

Gundi: poliyurethani ya boti, mimi nilitumia Sikaflex 291. Silikoni ya madirisha, ile inayonuka siki, iache dirishani. Haishiki nailoni vizuri, siki yake hushambulia kopa na brasi, na inaacha mafuta yasiyokubali gundi nyingine baadaye. Ile 3M 5200 inashika sana, kiasi kwamba mtu wa kuja kubadilisha baada yako atakukumbuka kwa ubaya.

Kaza kwa mkono mpaka gundi itoke kuzunguka kofia pande zote, ongeza nusu mzunguko, acha. Spana ya bomba isikaribie nailoni. Fundi wangu, kijana mwenye mikono kama nanga, alikwisha kuinyanyua nikamwambia, "Bwana mdogo, weka chini, hii si bomba la maji ya mtaa." Akacheka, akaweka. Midomo mingi ya plastiki inayosemekana imepasuka kwa uzee ilipasuka siku ya kufungwa, ikakaa na ufa wake miaka kumi.

Kwa nini niligawanya

Pwani, ukiharibu kazi, unasubiri maji kupwa, boti inakaa mchangani, unarekebisha, maji yakijaa unaondoka. Hapa hatuna kupwa na kujaa. Ziwa hupanda na mvua mpaka Mei hivi na kushuka polepole hadi Oktoba au Novemba. Kutoa boti yenye mkuku mzito, ule uti wa chini, maana yake ni magogo, kamba, na wanaume kumi na watano unaowalipa na kuwalisha, kwenda na kurudi. Kwa hiyo cha chini ya maji nimekichagulia miaka mingi bila kuguswa, cha juu nimekubali kukibadilisha nikiwa kwenye mtumbwi ubavuni na spana mkononi.

Mifereji miwili ya nyuma nimeweka nailoni nyeusi ya seti moja, na valvu zake na kola. Hakuna anayekanyaga kule, na hakuna joto. Mdomo wa maji ya injini nimeweka bronzi ya koni: uko karibu na injini moto, kwenye njia ya magoti ya fundi, na ndio valvu ninayoifunga na kufungua kila safari. Kama bajeti yako inaruhusu bronzi moja tu, iweke hapo. Kama hairuhusu hata moja, seti nzima ya nailoni nyeusi itakufaa kuliko brasi ya kung'aa, na ningelala usingizi juu yake.

Kila mdomo una kizibo cha mti wa msonobari, kimechongwa kama karoti, kimefungwa kamba pale pale kwenye valvu. Mipira ya chini ina klipu mbili mbili za stenlesi, mahali nipeli ilipo ndefu ya kutosha kuzibeba.

Tuliishusha Jumamosi asubuhi. Nilivingirisha tishu kavu kuzunguka kila nati, nikalala ndani ya boti usiku ule na tochi, nikizikagua kila saa. Saa tisa usiku tishu ya mdomo wa injini ilikuwa na doa la unyevu. Nikaligusa kwa kidole, nikaonja. Chumvi. Lilikuwa jasho langu mwenyewe, na nikarudi kulala.